Makopo ya maziwa kwa watoto wa Yemen: tupeleke?

SWALI: Shikamoo Bi Nesi. Sisi kina mama wa Kibokoni, Mombasa, wengi tukiwa na asili ya Hadhramaut, tumechanga makopo 60 ya maziwa ya unga ya watoto wachanga na magunia matatu ya nguo, tuwapelekee ndugu zetu Yemen. Mzigo umejaa barazani kwa jirani na nauli ya meli inatushinda. Tufanyeje?
Mama wa Kibokoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mungu awalipe kwa mlichotoa. Lakini hayo maziwa, nawaomba kwa moyo wote, yasiende.

Mwaka 1992 nilikuwa nesi kambi ya wakimbizi wa Kisomali pale Utange. Wakaja watu na makopo kama hayo, wakagawa, wakaenda zao. Wiki tatu hazikuisha nikaletewa mtoto wa miezi minne anaharisha, macho yametumbukia, utosi umebonyea. Mamake alikoroga maziwa kwa maji ya dumu. Kuni za kuchemshia hana. Kopo lilipokwisha hakupata la pili, na ziwa la mama lilikuwa limeshaanza kukauka kwa sababu mtoto alizoea chupa. Tulimzika.

Yemen ni zaidi. Vita vilianza 2014, kikafuata kipindupindu. Kufikia mwisho wa 2017 walioshukiwa kuugua walikuwa wamefika milioni moja. Maji yenyewe ndiyo hatari. Mtoto wa chini ya miezi sita anataka ziwa, basi mlisheni mamake.

Aliyevuka miezi sita na kudhoofu hupimwa unene wa mkono wa juu kwa utepe. Ukiwa chini ya sentimita 11.5, amekonda vibaya. Hupewa pakiti za gramu 92 za njugu zilizosagwa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Anafyonza vilevile, haitaki maji wala moto. Ndiyo maana naipenda.

Makopo rudisheni dukani, mwombe pesa zenu. Nguo uzeni soko la Kongowea. Sehemu ya pesa itumeni kwa hawala kwa jamaa mnaowajua, wanunue unga, mafuta na sabuni sokoni kwao. Iliyobaki wapeni UNICEF au Hilali Nyekundu (Red Crescent), mchukue risiti. Anayepita mlango kwa mlango bila karatasi msimpe.

Na kabla ya kutuma, pigeni simu kule muulize: nyumba hiyo nani ananyonyesha, na leo amekula nini?