Maswali na majibu: Mtoto wa Kichina anapotimiza mwezi

Wasomaji kadhaa walioalikwa na majirani au wafanyakazi wenzao Wachina wametuuliza kuhusu karamu ya mtoto kutimiza mwezi, ambayo wenyewe huiita manyue.

Kwa nini wanangoja mwezi mzima?

Kwa karne nyingi mwezi wa kwanza ulikuwa wa hatari kubwa kwa mtoto na kwa mama yake pia, na ndiyo maana familia ilingoja upite kwanza, ndipo imtoe mtoto mbele za watu. Mwezi wa kalenda yao ya jadi hufuata mwandamo, nao huwa na siku 29 au 30, ingawa leo wengi husogeza karamu hadi mwisho wa juma ulio karibu. Desturi yenyewe ni kongwe. Masimulizi ya karne ya 12 kuhusu maisha ya Kaifeng, uliokuwa mji mkuu wa nasaba ya Song, yanaeleza jinsi jamaa na marafiki walivyokusanyika siku hiyo, mtoto akaogeshwa katika beseni la maji yenye manukato, lililotiwa matunda, vitunguu na sarafu, huku wageni nao wakitumbukiza sarafu zao, na baada ya kuogeshwa akanyolewa.

Nywele zinazonyolewa hufanywa nini?

Familia nyingine huzihifadhi, na nyingine humpelekea fundi azitengeneze kalamu ya brashi ya kuandikia hati za Kichina, yenye jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa kwenye mpini. Nywele ambazo hazijawahi kukatwa huwa na ncha nyembamba, kwa hiyo brashi yake ni laini sana. Wazazi wengine siku hizi hukata kishungu kidogo tu.

Nilipewa mayai mekundu. Nifanye nini nayo?

Uyale, kwani ni mayai ya kuku yaliyochemshwa na kupakwa rangi. Yai ni ishara ya uzazi na mwanzo mpya, nao wekundu ni rangi ya heri. Kwa kukugawia, familia inakutangazia kwamba mtoto amefika salama. Huko Malaysia na Singapore mayai hayo huandamana mara nyingi na keki nyekundu za unga wa mchele wenye kunata, zilizofinyangwa kama gamba la kobe, mnyama anayeashiria maisha marefu.

Msomaji Mwislamu aliyeuliza kuhusu nguruwe ana haki ya kuwa mwangalifu. Familia zenye asili ya Guangdong hupika miguu ya nguruwe kwa tangawizi na siki nyeusi tamu, na ndani ya chungu hicho hutiwa mayai pia, ambayo hugeuka rangi ya kahawia. Hayo si yale mekundu ya kugawa. Mjulishe mwenyeji mapema, bila kuona haya, ili akutengee chakula kinachokufaa.

Zawadi gani inafaa?

Pesa katika bahasha nyekundu hazikosei kamwe. Weka noti safi, epuka kiasi chenye tarakimu 4, ambayo kwa Kichina hutamkwa karibu sawa na neno la kifo, na uwakabidhi wazazi kwa mikono miwili. Ukipenda kitu cha kudumu, kuna bangili za fedha, kidani chenye umbo la kufuli kinachokusudiwa kumfungia mtoto uhai wake usimtoroke, au viatu vya kitambaa vyenye uso wa chui milia, mlinzi wa watoto. Usipeleke saa ya mezani wala ya ukutani, kwa kuwa maneno ya kumpa mtu saa yanasikika kama kumsindikiza maiti.

Je, mama naye ana nafasi katika sherehe hii?

Anayo, na ninasikitika kwamba wageni wengi humsahau. Siku hiyo kwa kawaida ndiyo anayomaliza kipindi cha kutunzwa ndani, kinachokaribiana na arobaini yetu: amelishwa supu za kuku na vyakula vya tangawizi, amekatazwa vitu vya baridi na upepo, na pengine hata kuosha nywele. Kupumzika na kulishwa vizuri ni jambo jema, na katika miji mikubwa ya China na Taiwan kuna vituo vinavyotoa huduma hiyo kwa malipo makubwa. Hata hivyo, kumfungia mzazi katika chumba kisichopitisha hewa, akiwa amefunikwa mablanketi wakati wa joto kali, ni hatari. Wapo waliofikishwa hospitalini kwa sababu hiyo, na madaktari wa China kwenyewe wanasisitiza kwamba mzazi aoge, atembee kidogo na afunguliwe madirisha. Kwa hiyo ukifika, kabla hujaomba kumpakata mtoto, mwamkie mama, mpongeze, umuulize hali yake, na umpelekee zawadi yake peke yake: kitenge, matunda, au chochote ambacho si cha mtoto.