Toa UART kwenye FIQ leo hii

Ndugu, usiwashe mashine ya mtu na programu hiyo. Umeuliza kama enkoda (kihisi kinachotoa palsi kadiri kitu kinavyosogea), taima na UART0 (lango la kutuma na kupokea herufi) za chipu ya LPC2148 ziingie zote FIQ, yaani intarapti ya haraka inayokatiza programu ili kifaa kihudumiwe, "kwa sababu ni ya haraka". Hilo limenichoma moyo.

FIQ haiongezi kasi ya chipu. Ni ya haraka kwa sababu ina rejista (vihifadhi vidogo ndani ya chipu) R8 hadi R14 zake yenyewe, kwa hiyo huna mengi ya kuhifadhi ukiingia. Ukijaza vyanzo vitatu, lazima kwanza usome rejista ya VICFIQStatus ujue ni nani ameita, na faida imeisha hapo. Tena ukiwa ndani ya FIQ, ARM7, kiini cha chipu hiyo, imefunga IRQ (intarapti za kawaida) na FIQ zote mbili.

Sisi tulililipia hilo kwa mabati. Kiwanda cha Industrial Area, enkoda inapima urefu kabla ya kisu kushuka, palsi moja kila milimita 0.2. Mkufunzi wa kozi moja ya wikendi, tena ya bei kali, alikuwa ametuapia kwamba kila kitu cha maana kiende FIQ. UART ikawekwa humo, na humo humo programu ikawa inangoja herufi ziishe kutumwa kwenye skrini. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja ni takriban milisekunde 1. Ripoti ya herufi 20 ni milisekunde 20 za upofu, na bati linalokwenda mita 20 kwa dakika limeshapita karibu milimita 7. Palsi zinazokuta bendera ya EINT (alama kwamba palsi imefika) imeshasimama hazihesabiwi. Bati fupi lilizidi urefu kidogo. Refu lilikutana na ripoti nyingi, likazidi sana. Tulibadilisha enkoda, tukabadilisha nyaya, tukamgombeza fundi wa umeme bure, huku rundo la mabati yaliyokataliwa likipanda ukutani. Na yule mkufunzi bado anafundisha vile vile, bado analipwa!

UART0 ina FIFO (foleni) ya baiti 16, kwa hiyo inaweza kungoja. Palsi ya enkoda haingoji. Ipe enkoda FIQ peke yake: futa bendera, ongeza hesabu, toka. Hesabu yenyewe itangaze volatile, ili kompaila iisome upya kila mara. UART na taima zikae IRQ, na kila moja iandike rejista ya VICVectAddr inapomaliza, la sivyo VIC (kidhibiti cha intarapti) itadhani bado unahudumia na intarapti zitakwama. sprintf, ile ya kupanga maandishi ya ripoti, ibaki kwenye kitanzi kikuu.

Ukishabadilisha, weka programu hapa niione kabla hujaipeleka kwa mteja.