Maswali na Majibu: Mtoto aliyeumia ubongo, maneno yatakuja?

*Mwanangu ana miaka 2. Picha ya ubongo ilionyesha alipata kiharusi uchangani, upande wa kushoto. Ana maneno machache mno. Atasema? – Mama, Kisauni*

Watoto wengi wa aina hii husema, mama, ila huchelewa. Mwaka 1861 Paul Broca, daktari wa Ufaransa, alionyesha kuwa mtu mzima akiumia sehemu ya mbele ya ubongo, kushoto, huweza kupoteza usemi. Ubongo wa mtoto mchanga bado unajipanga. Akiumia sehemu hiyo hiyo, kazi ya lugha mara nyingi hushikwa na sehemu za jirani au hata upande wa kulia. Wanaotaabika zaidi ni walioumia pande zote mbili, au wenye kifafa kisichotulia. Kwa hiyo kama ameandikiwa dawa za kifafa, zisirukwe hata siku moja.

Mtazame na mikono. Anayeonyesha vitu vingi kwa kidole mapema, kwa kawaida hupata maneno mengi baadaye, na watafiti wameliona hilo hata kwa walioumia ubongo. Basi akikuonyesha embe pale sokoni Kongowea, usimpe kimya kimya. Mwambie: "Wataka embe? Hili bivu, linanukia!" Kisha msubiri ajibu, hata kwa mguno. Televisheni haiwezi kukufanyia kazi hii.

*Mjukuu wangu alichelewa kulia alipozaliwa, kisha akapata homa ya uti wa mgongo. Sasa hasemi. Majirani wasema ulimi umefungwa, akakatwe. – Bibi, Mji wa Kale*

Msimkate, bibi. Kiuzi cha chini ya ulimi kikibana huweza kusumbua kunyonya, pengine na sauti fulani, lakini hakimzuii mtoto kuelewa wala kujua maneno. Mpelekeni akapimwe masikio wiki hii. Homa ile huweza kuharibu usikivu, na inaniuma kuona mtoto asiyesikia akiitwa mjinga miaka nenda miaka rudi.

*Nyumbani ni Kigiriama, mtaani Kiswahili. Tuache kimoja? – Baba, Changamwe*

Hapana. Lugha mbili hazimzidishii mtoto jeraha la ubongo. Semeni naye ile mnayoimudu.

*Binti yangu ana miaka 8. Alipokuwa na 3, malaria ilimpanda kichwani akapoteza fahamu. Anaongea vizuri, lakini mwalimu asema ni mvivu. – Mama, Likoni*

Sidhani ni uvivu. Utafiti uliofanywa Kilifi, hapa jirani, uliwapima watoto walionusurika malaria ya ubongo, ukakuta baadhi yao wana upungufu wa lugha miaka kadhaa baadaye. Salamu na porojo za kila siku huuficha. Hujitokeza darasani, kwenye sentensi ndefu au agizo lenye mambo matatu.

Jioni mwombe akusimulie alivyoshinda. Akisema "yule akampiga, akaenda kule" bila kukutajia nani wala wapi, na ukimuuliza akarudia vilevile, yaandike maneno yake hayo. Nenda nayo kliniki ya watoto, uombe apimwe usemi na masikio. Ulizia pia kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, EARC, kisha mwalimu apewe ripoti. Kwa sasa mwombe ampe binti agizo mojamoja, na amsubiri.