Mwanangu, kuhusu huyo Hassan aliyebatizwa na Papa

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Voisi noti yako nimeisikiza leo baada ya fajr, nikaona heri niandike tu, kwa sababu tukipigiana simu wewe utanikatiza na mimi nitakasirika na vocha itaisha bure. Umeniuliza hivi: "Mama, mtu anabatizwa na Papa mwenyewe, anakaa Roma miaka na miaka akitunzwa na makadinali, halafu anarudi Tunis kuswali, huo si unafiki? Alikuwa Muislamu ama Mkristo?" Kwanza nimefurahi umeimaliza hiyo riwaya ya Leo Africanus, maana wakati nakuwekea kwa begi nilijua itakaa hapo Eldoret ikishikilia mlango.

Jibu langu ni hapana, sio unafiki. Lakini sababu zangu si za kwenye riwaya.

Unajua hapo kuna watu wawili na wewe umewachanganya. Kuna Hassan wa riwaya, huyo ni wa Amin Maalouf, Mlebanoni anayeandika Kifaransa, alimtoa 1986. Huyo anamwandikia mwanawe mambo yote mwaka baada ya mwaka, Granada, Fez, Kairo, Roma, na kila akihamia mji kuna mwanamke mzuri ameshajiandaa, mara Hiba, mara Nur, mara Maddalena, wewe hukucheka? Mimi nilicheka peke yangu kwa matatu mpaka kondakta akaniangalia. Huyo Hassan anasema yeye si wa nchi yoyote wala mji wowote, dini zinampitia juu juu tu. Na namwelewa Maalouf, alihama Lebanoni 1976 watu wakiuana kwa sababu ya madhehebu, lazima angetaka mtu kama huyo awepo duniani. Lakini huyo ni wa kutungwa.

Hassan mwenyewe, al-Hasan bin Muhammad al-Wazzan, ndiye Wazungu walimwita Leo Africanus, alikuwa mateka. Hapo ndipo nataka ukae kidogo. 1518 maharamia wa Kikristo walimkamata baharini, wakaona huyu amesoma na ametumwa na wafalme, wakampeleka zawadi kwa Papa Leo wa 10 kama venye mtu angepeleka twiga. Akafungiwa ngome ya Castel Sant'Angelo. Alibatizwa tarehe 6 Januari 1520, kanisa la Mtakatifu Petro, akapewa majina ya Papa mwenyewe, Giovanni Leone de' Medici. Yaani zaidi ya mwaka mtu yuko ndani, hajui kama mamake anajua yuko hai, halafu anaambiwa mlango wa kutoka ni huu, unapitia kwa maji. Sasa wewe uliyekaa na kikombe cha chai huko Eldoret unamuuliza kama alikuwa mkweli?

Tena huyo hakuwa mgeni wa hiyo shida. Wazazi wake ni wa Granada, mji ukachukuliwa na Ferdinand na Isabella Januari 1492, wao wakahamia Fez, na Waislamu waliobaki nyuma hata miaka kumi haikuisha wakaambiwa wabatizwe ama watoke. Wale waliobaki wakauliza masheikh, tufanyeje? Kuna fatwa ya 1504 ya mufti mmoja, al-Wahrani, jaribu kuitafuta uisome, inaliza. Anawaambia waswali hata kwa ishara, watayamamu hata kwa kupangusa ukuta, wakilazimishwa kusimama mbele ya sanamu nia iwe kwa Mwenyezi Mungu, wakilazimishwa pombe wanywe bila nia ya kuitumia. Na hilo halikutoka hewani, Suratun Nahl aya ya 106 uliihifadhi madrasa, ile ya aliyelazimishwa na moyo wake umetulia kwa imani, na kisa cha Ammar bin Yasir, yule sahaba aliyeteswa mpaka akakana kwa mdomo tu, maalim alikuwa akiwasimulia mpaka mnasinzia. Sisemi Hassan aliisoma hiyo fatwa. Nasema Fez aliyokulia ilikuwa imejaa watu wenye ndugu waliokuwa wakiishi hivyo ng'ambo.

Lakini sitaki kumfanya walii pia. Baada ya ubatizo aliachiliwa akaishi vizuri, alimfundisha Kadinali Egidio da Viterbo Kiarabu, na 1525 akamsahihishia tafsiri ya Kilatini ya Qur'an. Hapo mimi nilisimama. Qur'an aliyoisomea Fez utotoni, sasa anaikalia na kalamu kwa ajili ya kadinali, na mtu anaweza kusema ni usaliti na mwingine aseme angalau Wazungu hao walipata tafsiri yenye makosa machache. Mimi niko na huyo wa pili. 1524 alikuwa anatengeneza kamusi ya Kiarabu, Kiebrania na Kilatini na daktari Myahudi, Jacob Mantino, na mwishoni akajiandika kwa Kiarabu Yuhanna al-Asad wa Granada, halafu akaongeza kwamba zamani aliitwa al-Hasan bin Muhammad al-Wazzan wa Fez. Mnafiki huficha, baba. Huyu aliweka majina yote mawili mezani, alilopewa na alilozaliwa nalo, na alikuwa katikati ya Roma.

Na kuna kile kisa cha ndege kwenye kitabu chake cha Afrika, hicho alichomaliza 1526. Anasimulia ndege aliyeweza kuishi angani na majini. Mfalme wa ndege akija kudai kodi, anazama kwa samaki, anawaambia mimi ni wenu. Mfalme wa samaki akianza kudai, anaruka kwa ndege. Halafu Hassan anasema bila aibu kwamba na yeye atafanya hivyo hivyo, Waafrika wakisemwa vibaya atasema alizaliwa Granada, na watu wa Granada wakisemwa atasema alilelewa Afrika. Wengine huisoma kama amekiri uongo. Mimi naona ni mtu anayejua kodi ya pande zote mbili ni ngapi.

Mimi kilichonifanya nimpende hata si dini. Ni kwamba akiwa mwanafunzi Fez alifanya kazi miaka 2 kama karani kwenye hospitali ya mji, ile iliyokuwa na wagonjwa wa akili, mshahara dukati 3, sarafu za dhahabu, kwa mwezi. Anaeleza jinsi walivyofungwa minyororo, na jinsi mgonjwa angemwita mpita njia kwa sauti nzuri, amlalamikie kwamba amepona na wahudumu wanamtesa, huyo mtu akisogea kumhurumia anashikwa nguo na kupakwa kinyesi usoni. Nilisoma hapo nikakumbuka wodi, kila manesi wapya wakija kuna mmoja lazima asogee karibu sana. Mtu ambaye ameona hayo na akayaandika bila kumdharau mgonjwa wala kujifanya malaika, mimi namwamini.

Halafu nikushangae wewe. Nyanya yako alibatizwa misheni huko Murang'a akiwa msichana, akaja Majengo hapa Nairobi, akasilimu, akaolewa na babu yako. Kila Desemba alipanda matatu kwenda kwao na sufuria imefungwa kwa leso, kuku wake amechinjwa hapa Pumwani, na akifika anakaa na dada zake wakiimba nyimbo za kanisa na yeye anaimba, sauti ya pili, maneno yote anayajua. Magharibi ikifika anauliza kibla kiko upande gani na dadake mkubwa ndiye anamwonyesha. Ulikuwa unabeba hiyo sufuria wewe. Hukuwahi kuniuliza kama cucu ni mnafiki.

Najua utasema si sawa, na kweli si sawa, nyanya alichagua mwenyewe na hakuna aliyemfungia. Ndio maana Hassan anastahili huruma zaidi, si kidogo.

Baada ya hapo mambo yake yanafifia. Mei 1527 askari wa Karl wa Tano, mfalme wa Uhispania, waliingia Roma wakaipora vibaya sana, na habari zilizobaki zinamweka Tunis baadaye, amerudi kwa dini yake. Na 1535 huyo huyo Karl akaiteka Tunis. Kama Hassan alikuwa bado hapo, basi yule mfalme alimfuata mpaka ng'ambo ya bahari, maskini, nilipohesabu hiyo miaka nilisema astaghfirullah kwa sauti.

Umeuliza pia kama usome kitabu chake mwenyewe. Soma, lakini ujue kilichapwa Venezia 1550 na mhariri Mtaliano, Ramusio, ambaye alikigusagusa, kwa hivyo ukikuta sentensi inayomchukia Mtume ghafla usikimbilie kumlaumu Hassan. Kimegawanywa sehemu 9. Anza na ya 3, ndiyo Fez, utapata hospitali, hamamu, harusi, mpaka chakula. Halafu ruka uende ya 7, hapo ndipo Timbuktu, na anasema vitabu vilivyotoka kaskazini viliuzwa pale kwa faida kuliko bidhaa nyingine zote. Usihangaike kutafuta Mombasa wala Kilwa, hakufika huku kwetu, ukiziona kwenye ile ya Kiingereza ya 1600 ujue ni mtafsiri, John Pory, aliongeza yake. Milima ya Moroko anaeleza mmoja mmoja, hiyo unaweza kulala nayo.

Na hiyo riwaya uirudishe ukija Idd, jirani wa chini ameshaniuliza mara nyingi na nimemwahidi.

Mamako