Vioo vya sola ofisini: umeme kweli au urembo tu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Tunajenga ofisi ya ghorofa sita, mbele yote kioo, akitekti anataka tuweke vioo vya sola jengo lijizalishie umeme. Bosi kashapenda kabisa. Mimi ndo nashika bajeti na sielewi, kioo unaona nje halafu hapo hapo kinatoa umeme, utatosha kweli?

JIBU: Kutosha peke yake, sahau. Mwanga ni ule ule mmoja, ukishapita ukaingia ndani haujageuka umeme, kwa hiyo kioo kinavyozidi kuonesha ndo kinavyozidi kuzalisha kidogo. Paneli za kawaida za silikoni zinageuza kama asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme, hivi vya kuonesha vingi havifiki hata nusu ya hapo. Jua kali linaleta kama wati 1,000 kwa mita ya mraba, kioo cha asilimia 8 kitakupa wati 80, na hapo jua liwe linakitazama uso kwa uso wakati ukuta umesimama wima na saa sita mchana jua liko utosini huko!

Ila usimkatalie akitekti bado. Mi faida naiona zaidi kwenye joto, maana vioo hivi vinazuia jua jingi lisiingie na kiyoyozi kinapumua. Sasa mwambie akupigie hesabu ya umeme wa mwaka mzima pamoja na kile kinachookolewa kwenye kiyoyozi, na alinganishe na kioo kizuri cha kuzuia joto, sio kioo kitupu (hapo ndo hesabu nyingi hupambwa). Kioo ungenunua tu, kwa hiyo unachopima ni ile nyongeza ya bei.

Halafu paa kwanza, lijaze paneli za kawaida. Kwenye ukuta kuna ile mikanda kati ya ghorofa na ghorofa inayoficha zege, hakuna anayechungulia pale, weka vioo vya sola visivyoonesha kabisa, vinazalisha zaidi. Upande unaopigwa kivuli na jengo jirani achana nao, vioo vikiungwa mfululizo kivuli cha kimoja kinavuta chini na wenzake.

Waya zinapita ndani ya fremu, so fundi umeme na fundi vioo wakae meza moja kabla fremu hazijaagizwa, na agizeni vya akiba kabisa, kikipasuka kimoja baada ya miaka kumi kupata saizi na rangi ile ile ni shughuli.