Kabla ya kuomba usimamizi kwenye huduma za jamii Minnesota

Wenzetu wengi hapa Minnesota wameingia serikalini kwa mlango mmoja: ukalimani, au kazi ya kupokea maombi ya chakula na bima ya afya kwenye kaunti. Wanachapa kazi, wateja wanawapenda, lakini miaka inapita wako palepale. Nafasi ya usimamizi ikitangazwa, simu zinaanza: "Dada, niombe au niache?" Huwa nawaambia waombe. Mimi nilianzia kwenye meza hiyohiyo, nikawa msimamizi, kisha nikaenda wizarani. Haya ndiyo ninayowaeleza.

Kwanza jua mamlaka ya nafasi unayoiomba yanaishia wapi. Minnesota ina kaunti 87, na kaunti ndizo zinazokutana na mwananchi: zinapokea ombi, zinamhoji, zinaamua. Wizara ya huduma za jamii iliyoko St. Paul, makao makuu ya jimbo, inaandika miongozo, inapitisha fedha na kujibu maswali ya serikali kuu. Meneja wa jimbo hana uwezo wa kumwamuru mfanyakazi wa kaunti, kwa sababu yule ana wakubwa wake, na juu yao kuna bodi iliyochaguliwa na wakazi. Kwa hiyo kazi kubwa ya kiongozi wa jimbo ni kushawishi, kufundisha na kufuatilia. Aliyezoea kusema neno moja likatekelezwa atapata tabu sana. Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2024 kuna wizara mpya ya watoto, vijana na familia. Msaada wa chakula, malezi ya watoto na ulinzi wa mtoto vimehamia huko, na Medicaid, yaani bima ya afya ya wenye kipato kidogo, imebaki kwenye wizara ya zamani. Soma tangazo vizuri usije ukajiandaa kwa usaili wa wizara nyingine.

Pili, tofautisha nafasi ya ushindani na nafasi ya uteuzi. Kamishna, yaani mkuu wa wizara, huteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Manaibu na wasaidizi wake nao hukaa kwa ridhaa ya aliyewateua, na utawala ukibadilika wanaweza kuondoka wote. Msimamizi na wakurugenzi wengi wa idara wamo kwenye utumishi wa kawaida wenye kinga zake. Mwenye mkopo wa nyumba na watoto wa shule aliulize jambo hili kabla ya kusema ndiyo. Ujue vilevile kwamba ukiwa msimamizi unatoka kwenye chama cha wafanyakazi ulichokuwa na wenzako, na masharti ya kazi yako yanabadilika.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa ndiyo uongozi wenyewe: kukubali kuwa mwenye uamuzi, kwa jina na kwa maandishi. Mwaka 2019 ofisi ya Mkaguzi wa Bunge la Minnesota ilitoa ripoti kuhusu malipo ya matibabu ya uraibu wa opioidi. Wizara ilikuwa imelipa kupita kiasi dola milioni 29 kwa mataifa mawili ya wenyeji wa asili wa Marekani, White Earth na Leech Lake, kwa dawa ambazo wagonjwa walikuwa wakizimeza nyumbani. Mkaguzi alipouliza nani aliidhinisha malipo yale, lini na kwa sababu gani, hakupata jibu. Wizara nzima! Na mataifa yale yalikuwa yamefuata maelekezo ya wizara yenyewe. Kila ninapomfundisha msimamizi mpya namsomesha kisa hiki. Mtu akikuuliza ukumbini, "Hii tunaruhusu?", usijibu kwa kutikisa kichwa. Rudi mezani, tafuta kifungu cha sheria, andika uamuzi, tarehe, sababu na jina lako, kisha uhifadhi mahali ambapo atakayekurithi ataukuta. Usipojua, andika kwamba umempelekea nani swali hilo. Nimeona watu wenye elimu kubwa wakikwepa hatua hii kwa kuogopa lawama, na anayeumia ni mama anayesubiri jibu la ombi lake. Kanuni za SNAP, ule msaada wa chakula, zinataka ombi liamuliwe ndani ya siku 30, na kwa wenye dhiki kubwa ndani ya siku 7. Siku hizo hazisimami wakati wakubwa wanatupiana mpira.

Kwenye usaili, adabu yetu inatuponza. Jopo huuliza kila mwombaji maswali yaleyale na kuandika alama. Ukisema "tulisaidiana, tukafanikiwa", hawana cha kukupa alama, kwa kuwa hawajui wewe ulifanya nini. Sema: mimi nilipanga zamu, mimi nilimfundisha mgeni, mimi niligundua barua zinakwenda anwani ya zamani. Huko si kujisifu, ni kutoa ushahidi. Wasifu nao uoneshe wazi kila sifa iliyotajwa kwenye tangazo, maana isiyoandikwa wanaihesabu haipo.

Ukishapata, jamii itakupigia simu kuliko zamani. Shangazi atakuomba uangalie kesi ya mwanawe kwenye kompyuta, dakika moja tu. Usifungue. Faili la mtu hufunguliwa kwa sababu ya kazi uliyopangiwa tu, mfumo unarekodi kila aliyeingia, na watu wameachishwa kazi kwa huruma ya namna hiyo. Mweleze shangazi kwa upole nyaraka anazotakiwa kuwa nazo, mpe namba ya kaunti, mkumbushe kwamba ana haki ya kukata rufaa.

Lakini yako mambo ambayo cheo kinakuruhusu kuyafanya mchana kweupe. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inawabana wote wanaopokea fedha za serikali kuu, na mkalimani wa bure ni sehemu ya wajibu huo. Ukiwa msimamizi unaweza kukataza kabisa mtoto wa miaka 10 kumtafsiria mama yake habari za ugonjwa au kipigo. Unaweza kuagiza barua ya kukatiwa msaada isomwe kwa simu kwa Kiswahili kabla tarehe haijapita. Mimi ningeanza na hilo la barua, wiki ya kwanza.