Bandika Methali Kwenye Kisanduku cha Pesa

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Koboko, mji wa huku kwetu kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliniandikia. Amefungua duka dogo la vitenge, ndugu wanachukua kwa deni, na sasa hana mtaji wa kwenda Kampala kuchukua mzigo. Anauliza asome kitabu gani cha biashara. Mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wenzako wasikie: soma almanaka za zamani.

Almanaka ilikuwa kitabu chembamba cha mwaka. Ndani yake mna tarehe, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, macheo na machweo, utabiri wa hali ya hewa, na katikati ya hayo maneno ya hekima. Iliyovuma sana ni ile ya Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia, Marekani. Aliianza mwishoni mwa 1732 akijiita Richard Saunders, akaendelea nayo hadi toleo la 1758. Mwenyewe aliandika kwamba iliuzwa karibu nakala 10,000 kwa mwaka, na kwamba watu wa kawaida walikuwa hawanunui vitabu vingine. Ndiyo maana kila nafasi iliyobaki wazi kati ya siku kuu aliijaza methali za bidii na kubana matumizi. Nyingi hakuzitunga yeye. Alizikusanya kwa mataifa na vizazi vilivyomtangulia, na hilo hakulificha.

Mimi nilikutana nazo nikiwa na uchungu. Mtu wa ukoo wetu alichukua marobota ya vitenge dukani kwangu hapa Arua kwa mali kauli, akaahidi kulipa baada ya Idi. Idi ikapita, na nyingine ikaja. Nilipomkumbusha, alinijibu mbele ya wateja kwamba pesa imenisahaulisha nilikotoka. Mimi, niliyelipia watoto wake shule! Neno lile linanichoma hadi leo. Usiku ule nikasoma kwenye simu, kwa huyo Richard, kwamba mwenye kudai ana kumbukumbu nzuri kuliko mwenye kudaiwa. Nikairudia. Mtu aliyefariki 1790, ng'ambo ya bahari, alilijua jambo langu lote.

Nikaendelea kusoma, na nikawa nakutana na wazee wetu. Yeye anasema mgeni, kama samaki, huanza kunuka siku ya tatu; sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na naona methali yetu ina heshima zaidi, maana inampa mgeni kazi badala ya kumkimbia. Yeye anasema gunia tupu ni vigumu kusimama wima. Hilo nalijua vizuri. Mfanyabiashara asiye na akiba huinamia kila mtu, hata mteja anayemtukana.

Lakini somo kubwa nililipata kwa jinsi zilivyopangwa. Methali ya almanaka ilikaa ubavuni mwa tarehe, mahali ambapo mtu hutazama anapotafuta siku ya kupanda au ya kulipa deni. Sisi leo tunatumiana methali asubuhi kwenye WhatsApp, zimepambwa maua, na jioni hakuna anayeikumbuka hata moja. Basi nikachukua karatasi ngumu, nikaandika methali moja, nikaibandika juu ya kifuniko cha kisanduku cha pesa. Kila mwezi naibadilisha. Desemba, watu wanapotaka kuvaa vizuri kuliko mifuko yao, huwa ni "Kukopa harusi, kulipa matanga." Januari, kabla shule hazijafunguliwa, ni "Haba na haba hujaza kibaba," na hiyo ni ya kujikumbusha mimi mwenyewe, kwa ajili ya ada. Mteja anayeomba deni anaisoma kabla sijafungua mdomo. Wengine hucheka, wakatoa pesa.

Mwezi uliopita nilimaliza deni la mwisho kwa tajiri wangu wa jumla kule Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala. Chumba cha duka sasa ni changu, na hati ninayo. Walioniita mchoyo wanapita mbele yake kila siku na ninawasalimia.

Kuna jambo moja sikubaliani na Franklin. Anaandika kama vile maskini ni mvivu tu. Njoo uwaone akina mama wanaotoka upande wa Congo na mizigo kichwani kabla jua halijachomoza, halafu uniambie nani amelala. Methali ya bidii inamfaa mwenye nafasi ya kuchagua. Asiye nayo mpe mkono kwanza, nasaha baadaye. Vijana, tuwe na adabu ya namna hiyo. Usimhubirie mwenye njaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Koboko, anza na ya deni, iandike kwa herufi kubwa. Mjomba akija, mkaribishe, mpe chai, kisha mwambie duka halikopeshi. Akiwa amefiwa, mkatie kitenge umpe bure, na usikiandike kwenye daftari la madeni. Kiandike kwenye matumizi yako mwenyewe, kama unga na sabuni, ukilipie dukani jioni hiyohiyo kabla hujafunga.